Haya Moja Tu

"Magoti kunja! Mikono nyoosha!" nahodha alimpigia binti yake kelele, injini ikinguruma.

Binti alielea nyuma ya boti, maji yakimfika kidevuni, mguu mmoja ukiwa bado haujaingia kwenye kiatu cha skii. Leo klabu ilikuwa inachagua timu ya kuteleza majini kwa skii. Kati ya majaribio matatu, kuzunguka maboya ndiko alikokuwa hashikiki.

"Na macho mbele, siyo kwenye maboya!"

"Haya, Mama! Haya, nimesikia!"

Mkono wa nahodha ulisukuma gia kabla akili haijafika. Pale klabuni, mtelezaji akisema "haya", boti inaondoka. Mkono ule ulikuwa haujui haya nyingine. Nyuma, mpini wa kamba ya kumvutia ulidundadunda majini peke yake.

Mwamuzi, aliyeketi ubavuni, aliinua bendera. "Ameanguka."

"Hakuwa tayari!"

"Kasema haya. Wewe umesikia, mimi nimesikia, hata bata wamesikia."

Yakaishia hapo. Lango la kuingilia maboya hawakulifikia, boya hata moja halikuzungukwa, wala kamba haikufupishwa, kama ifanywavyo, kwa raundi ya pili iliyo ngumu zaidi. Mbwembwe za kujigeuzageuza juu ya maji zilikuwa zimempa asubuhi alama za kumwonea huruma. Nafasi yake kwenye timu sasa ilitegemea ubao wa kurukia, na ubao huo binti aliuogopa tangu ulipompasua kidevu.

Waliporudi gatini, binti hakumtazama mama yake. "Wewe ni nahodha au mama? Chagua."

"Mdomo huo, mtoto wewe! Ungenyamaza tu..."

"Ungenyamaza wewe!"

Jibu lilikuwepo, tena refu, lenye mifano. Nahodha alilimeza zima zima kama kidonge kichungu. "Vaa kofia," alisema.

Zamu yao ilipofika, kamba ilikazika, ncha mbili za skii zikachungulia juu ya maji. Kwenye kioo cha kutazamia nyuma nahodha alikiona kiwiko cha kulia kimepinda. Kiwiko kilekile! Mara ngapi amesema? Maneno yalimjaa kinywani, akauma ulimi.

"Huyu anangoja nini?" mwamuzi aliuliza.

"Mwache."

"Muda unakwenda, mama."

"Nimesema mwache!"

Boti ilitikisika polepole. Mkono wa nahodha ulibaki juu ya gia bila kusukuma. Kwenye kioo, kiwiko kilinyooka chenyewe. Midomo ya binti ikafunguka.