Panya Asiyehitaji Mtu

Tone la kwanza lilianguka saa nane na robo mchana, juu ya kifuniko cha bati nilichokitega mwenyewe, likatoa mlio mdogo kama wa mtu anayebisha hodi huku hana uhakika kama anatakiwa ndani. Nilikuwa jikoni, nimeegemea jokofu, macho kwenye saa. La pili likaja baada ya sekunde kumi na moja. La tatu, kumi na moja. Kazi safi. Kungekuwa na cheti cha kuharibu vitu kwa ustadi, mimi ningekuwa nacho, kimepigwa muhuri na kutundikwa sebuleni.

Chumba cha pili alilala baba yangu, uso ukutani. Alikuwa ameelekea ukutani wiki ya tano sasa. Ukuta wenyewe haukuwa na lolote la kujivunia zaidi ya ufa mmoja ulioanzia kwenye swichi ya taa na kuteremka hadi usawa wa mto wake, na kufikia siku ile nadhani alikuwa anaujua ufa huo kuliko anavyonijua mimi. Upande wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi kuanzia shavu hadi vidole vya mguu. Maneno yalikuwa yamekwama mahali fulani kooni. Lakini kilichomtisha daktari si hayo. Kilichomtisha ni kwamba chakula kilikuwa kinaingia chumbani na kutoka kama kilivyoingia, na pajama tulizomnunulia hospitalini sasa zingewatosha baba wawili.

Ningependa msomaji aelewe uzito wa yale matone. Baba ni fundi bomba. Tukialikwa kwa watu, mama alikuwa akimshika mkono mlangoni na kumwapisha: "Leo wewe ni mgeni. Bafuni unaingia kunawa tu." Anakubali kwa heshima zote. Baada ya dakika kumi tunasikia spana. Hakuna koki iliyowahi kuvuja mbele yake ikalala salama. Sasa nilikuwa nimemwekea uvujaji hatua moja kutoka sikioni, na nilikuwa nasubiri nione kama ndani ya yule mtu amebaki mtu.

Wazo la kuleta mnyama halikuwa langu. Lilikuwa la dada wa mazoezi, mtaalamu wa viungo aliyekuja kila Jumanne kukunjua vidole vya baba kimoja kimoja kama anafungua barua ya mtu mwingine. Siku moja aliacha mkono ule ukaanguka kitandani, akamwita mama kwenye korido.

"Mkono unaweza kurudi," alisema. "Mwenyewe ndiye hataki kurudi. Mtafutieni kitu cha kuangalia. Kitu chenye uhai."

"Ana mtoto," mama akasema.

Dada wa mazoezi alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye soksi zisizofanana.

"Kitu kingine," akasema.

Mama hupiga pasi kwenye duka la dobi. Anasimama saa tisa kwa siku, na jioni hurudi ananukia mvuke, miguu imevimba mpaka viatu vinaacha alama. Alinipa masharti pale pale koridoni, bila kuvua aproni. Asibweke. Asihitaji kutembezwa. Asihitaji kuogeshwa. Asinuke. "Nyumba hii nguvu zimekwisha, baba," aliniambia, akiniita kwa jina alilozoea kuniitia wakati wa furaha. "Sina hata kijiko cha nguvu cha kumpa mtu mwingine. Niletee kiumbe asiyetaka kitu."

Nami nikaenda duka la wanyama kumtafuta kiumbe asiyetaka kitu.

Muuzaji alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, kasuku mmoja begani, na subira kidogo sana. Nilimsomea masharti yote kwa sauti niliyozoea kusomea matangazo kwenye paredi ya asubuhi shuleni.

"Mwanangu," alisema nilipomaliza, "unachotaka ni kalenda yenye picha ya paka."

"Shangazi, nina mgonjwa."

Kasuku akahamishwa kwenye fimbo yake. Tukazunguka duka. Sungura wadogo hapana, wanatafuna nyaya. Hamsta hapana, hulala mchana kutwa, na nyumbani tayari tulikuwa na mmoja wa kulala. Simbilisi walipiga kelele za kudai majani mara tu walipotuona, kama bweni zima linaloona mpishi amechelewa. Panya weupe walikuwa wapole lakini harufu yao ilitutangulia. Mwisho, kwenye kona, ndani ya kizimba cha waya, alikaa panya wa jangwani mmoja, rangi ya mchanga, mkia wake una kishungi mwishoni. Alisimama kwa miguu ya nyuma, mikono kifuani, akanitazama kama mwenyekiti wa kamati ya nidhamu.

"Huyu?"

"Huyu hanywi ila matone. Hata kukojoa anaona tabu. Hanuki. Wenzake huwa wanapenda kukaa wawili wawili, lakini huyu kila ninayemwekea anamng'ata. Anataka aachwe."

"Basi ndiye," nikasema. "Atapatana na baba."

Nilimwita Mheshimiwa. Nikaweka kizimba chake kwenye stuli, upande wa mkono mzima wa baba, chupa ya maji imening'inizwa kwa nje, kichwa chini, mrija wake mwembamba umepenya kati ya waya. Siku ya kwanza Mheshimiwa alichimba maranda. Siku ya pili alichimba maranda. Siku ya tatu ndipo nilipoelewa kosa nililofanya. Nilikuwa nimechagua vizuri mno. Chombo chake cha mbegu kilikaa wiki, chupa ilikaa wiki, naye hakuwa na shida na mtu yeyote duniani. Sasa chumba kilikuwa na viumbe wawili waliogeukia kila mmoja ukuta wake. Mama alichungulia jioni moja, akawatazama wote wawili, akatoka, akaketi sakafuni kwenye korido, mgongo kwenye mlango.

"Wiki hii amekula vijiko sita," alisema. Hakulia. Ningefurahi kama angelia. "Nimevihesabu. Vijiko sita."

Mimi nilikuwa nimebakiza siku nne kurudi shuleni.

Sasa inanibidi nieleze kwa nini nilikuwa nyumbani katikati ya muhula, na ningeomba nisikatizwe. Nilikuwa nimesimamishwa wiki tano. Kosa: kuunganisha pipa la sharubati nyekundu na bomba la sinki la walimu, hivi kwamba mwalimu wa zamu aliponawa mikono kabla ya chakula, akanawa damu. Makofi yaliyopigwa bwenini usiku ule sijawahi kuyasikia tena. Kuunga bomba nilifundishwa na baba nikiwa na miaka tisa, na mkuu wa shule, ambaye si mjinga, aliamua kwamba aliyenifundisha ndiye aje afungue.

Baba alikuja na ovaroli yake na mfuko wake wa turubai. Hakunigombeza. Alilala chali chini ya sinki, kichwa na mabega ndani, miguu nje, nami nikapiga magoti kumshikia tochi. Alikagua maungio yangu kwa kidole, moja baada ya jingine. Kisha akasema, "Nani alikufundisha kufunga..."

Hakumaliza. Spana ilianguka kwenye vigae. Miguu yake ikaanza kutikisika, na tumbo pia, nami nikajua anacheka. Baba yangu anacheka chini ya sinki la walimu! Basi nami nikacheka. Mkuu wa shule alikuwa dirishani, amenipa mgongo, nami nilicheka huku nimeziba mdomo, tochi inarukaruka, hadi nikainama nione uso wa baba.

Sijui nilicheka kwa muda gani. Daktari alimweleza mama kwamba kwenye kiharusi kila dakika ina thamani, na mama alinieleza mimi, akidhani ananipa habari tu.

Hiyo ndiyo sababu nilisimama jikoni siku ile, nimeshika saa. Ndani ya kifuniko cha chupa ya Mheshimiwa kuna mpira mdogo wa duara, mwekundu, wa kuzuia maji. Nilikuwa nimeutoa. Ulikuwa mfukoni mwangu.

Saa nane na nusu, matone. Saa tisa kasorobo, matone. Nilichungulia. Uso ukutani. Maji yalikuwa yameanza kutambaa kwenye mrija na kuingia ndani, na maranda ya upande ule yalikuwa yamegeuka rangi ya chai. Mheshimiwa, ambaye hakuumbiwa maji, alikuwa amejikunyata kwenye kona iliyobaki kavu, manyoya yamesimama, anatetemeka. Nikajiona nilivyo: mtu aliyemwangusha baba yake kwa mzaha, na sasa anazamisha panya ili arekebishe mambo. Nikatia mkono mfukoni nitoe ule mpira. Ilitosha. Nilikuwa nimeshindwa, na nilitaka nishindwe bila maiti.

Ndipo stuli ikagongwa.

Mara moja. Kisha tena, kwa nguvu, kizimba kikaruka. Niliingia nikiwa nimevaa uso wangu wa paredi.

"Umeita, mzee?"

Alikuwa amegeuka. Jicho la kulia limelegea, la kushoto limewaka, na ndani yake hamkuwa na upendo hata chembe. Sijawahi kuona kitu kizuri kama lile jicho. Alinyoosha kidole cha mkono wa kushoto kwenye chupa.

"Aa, hiyo," nikasema. "Inavuja kidogo. Ngoja." Nikaikaza kwa makusudi vibaya, nikarudi nyuma kama fundi anayesubiri sifa. "Hapo sawa?"

Tone.

Alitoa sauti ambayo haikuwa neno, lakini niliielewa, maana niliisikia utoto wangu wote kila niliposhika spana kinyume. Nikaenda kwenye kabati la korido, nikatoa mfuko wa turubai ambao hakuna aliyeufungua tangu siku ile. Ulinuka grisi na chuma. Nikauweka kitandani, mbali naye kidogo, na Mungu anisamehe, sikumsogezea. Alijiburuta. Alichukua dakika nzima kufika. Kamasi zilimtoka, pajama zikapanda mgongoni, nikahesabu mbavu zake zote. Mkono wa kushoto ukazama mfukoni, ukaibuka na ile tepu nyeupe nyembamba ya kuzungushia maungio ya mabomba yasivuje.

Nilimhamishia Mheshimiwa kwenye ndoo yenye maranda makavu, nikafungua chupa, nikaishika mbele yake. Mkono wangu ulikuwa ndio mkono wake wa kulia. Tepu ilimponyoka mara tatu, na mara tatu nikaiokota. Ya nne ikashika, akaanza kuzungusha, taratibu, ulimi nje kwenye pembe nzima ya mdomo.

"Baba," nikasema. Sauti yangu ya paredi ilikuwa imeniacha. "Siku ile chini ya sinki, nilidhani unacheka. Na mimi nikacheka. Sikukuangalia. Nilikaa pale nikicheka."

Tepu ikasimama. Lile jicho zima likanipanda taratibu, likakaa usoni mwangu muda ambao sitausahau. Chupa ilikuwa inatikisika mkononi mwangu, maji yananimwagikia mapajani.

"Shi," alisema. Akameza mate. "Shi... ka."

Nikaishika chupa kwa mikono miwili.

Alimaliza. Na hapo nikaona: kwa sababu alitumia mkono wa kushoto, tepu yote alikuwa ameizungusha kinyume. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba ukizungusha kinyume, kifuniko kinapokazwa tepu inajivua yenyewe. Nilikaza kifuniko. Tepu ikajivua. Nikaitundika chupa, tukakaa wote wawili tukiitazama, fundi na mwanafunzi wake.

Tone.

Mpira mwekundu ulikuwa mfukoni. Ningeweza kuutoa, nikasema nimeuokota sakafuni, na chupa isingevuja tena hadi leo. Baba aliitazama ile chupa kama alivyokuwa akitazama kazi za mafundi wengine. Kisha akakirudisha kichwa chake kwenye mto. Hakugeukia ukuta.

"Ke," alisema. "Ke... sho."

Nilirudi shuleni siku tatu baadaye. Mambo hayakuwa mazuri, na wala sitadanganya kwamba leo ni mazuri. Mkono wa kulia haujarudi. Kutembea bado. Mama angali anasimama saa tisa kwa siku, ila sasa, kabla ya kwenda kazini, hubadilisha maranda ya Mheshimiwa, analalamika kwamba nilimletea mnyama mwenye kazi kuliko ng'ombe. Ule mpira ninao kwenye kikasha cha kalamu, chini ya kifutio.

Jumamosi tunaruhusiwa kupiga simu, dakika tatu kila mmoja, nyuma yako kuna foleni ya watu wanaokusukuma. Siulizi amekula vijiko vingapi. Nauliza kitu kimoja.

"Mama, ile chupa vipi?"

Nasikia akiweka simu chini, viatu vyake vinaenda, vinasimama mlangoni, vinarudi.

"Bado inavuja," anasema. "Tangu asubuhi baba yako yuko nayo."

Halafu namkabidhi simu anayefuata.