Leseni ya Mwantum

Mwantum na Hugues walikuwa wakiandika programu katika chumba kimoja mtaani Gihosha. Mwantum alizoea mfumo wa kompyuta wa Linux tangu chuo. Hugues ndiye aliyemvuta kwenye mfumo mwingine, FreeBSD.

"Linux ni soko, kila mutu na meza yake," alimwambia. "FreeBSD ni nyumba ya fundi moja. Na leseni yake haina matata: mutu anachukua, anafanya anachotaka, basi."

Mwantum aliipenda kweli. Ilikuwa nadhifu na haikuzimika ovyo. Humo akaandika programu ya kuzijulisha zahanati dawa gani inapatikana wapi, akaitoa kwa leseni hiyohiyo.

Hugues akaondoka nayo. Alifungua kampuni mtaani Kinanira, akaficha msimbo, yaani maandishi ya ndani ya programu, akaanza kuiuza. Redioni aliulizwa nani aliyeiandika.

"Mimi," akajibu. "Kulikuwa na dada moja alinisaidia kuijaribu."

Mwantum alizima redio. Mwanasheria alimweleza kwamba leseni iliruhusu yote, mradi jina lake libaki. Nalo lilibaki, ndani ya faili ambalo hakuna aliyelifungua.

"Muachie Mungu, atamulipa," mama yake alisema.

"Inshallah, mama. Lakini mi nitaanza."

Akarudi Linux. FreeBSD haikuwa imemkosea lolote, ila kwenye Linux alizungukwa na watu wa leseni nyingine, ya GPL: chukua, badili, hata uza, lakini ukimpa mtu programu, ana haki ya msimbo wake wote, pamoja na ulichokiunganisha nayo. Akaandika kitu zahanati zote zilichokililia: namna ya kuendelea na kazi mtandao unapokatika. Akakiweka mtandaoni, leseni ikiwa juu kabisa, akangoja. Alimjua Hugues. Hasomi.

Hugues alikichukua, akakipachika kwenye programu yake, akaisambaza kwa wateja.

Alipowaita wakuu wa zahanati kuwaonyesha toleo hilo jipya, Mwantum aliingia pamoja na Sista Ernestine, mkuu wa zahanati ya Kinama. Hugues akachomoa waya wa mtandao kwa mbwembwe. Kwenye skrini yakatokea maneno ya Kirundi, "Rindira gato," subiri kidogo, kama Mwantum alivyoyaandika.

Ernestine akasimama. "Monsieur Hugues, hii programu mulishatupa. Leseni inasema tuna haki ya code yake. Tunaiomba."

Hugues akacheka. "Apana, Sista. Ile ni mali ya kampuni."

"Iyo ya mtandao niliandika mi," Mwantum alisema kwa sauti ukumbi mzima uisikie. "Na we hukusoma leseni."

Kicheko kikamkauka. Kuiondoa sehemu ile hakuweza, maana wateja wasingekubali kurudi nyuma; ikabidi aachie msimbo wote. Zahanati zikautoa kwa waandishi wengine wauendeleze, zikaacha kumlipa Hugues, na kabla mvua hazijaisha kampuni ya Kinanira ilikuwa imefungwa.

Hugues alikuja Gihosha, amekonda.

"Ulinitegea mutego."

"Ulikuwa umeandikwa wazi."

"Tulikuwa marafiki, Mwantum. Nisamehe."

Mwantum alimtazama, akaitafuta huruma moyoni. Alichokikuta ni furaha, tamu mpaka akaiogopa.

"Bado," akasema, akafunga mlango.

Anatumia Linux mpaka leo. Wanafunzi wakimwuliza ipi bora, huwaambia FreeBSD. Wakimwuliza mbona yeye haitumii, hubadilisha mazungumzo.