Msimpunguze Mkunga

Picha ilikataliwa tena. Fundi Kola alisimama nyuma ya kiti cha shemeji yake, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, akaisoma ile sentensi nyekundu kwenye kompyuta polepole, kama mtu anayejisomea hukumu yake: Picha haikubaliki.

"Haikubaliki," alisema. "Alipokuwa hai wodi nzima ya uzazi ilimwegemea. Amekufa, haikubaliki."

Shemeji, mdogo wa marehemu mke wa Fundi aliyekuwa mkunga, alikuwa na kibanda cha kuchapa na kutoa nakala, ukuta mmoja na chumba cha cherehani cha Fundi. Ndiye aliyempiga dada yake picha ile kwa simu, katika mwaka wake wa mwisho kazini. Sasa hospitali ilikuwa inafungua wodi mpya, na wakubwa wa halmashauri, baada ya kuombwa hadi aibu ikawashika, walikubali picha ya mkunga itundikwe mlangoni, kando ya picha ya mwenyekiti. Ila itumwe kwenye tovuti yao kabla ofisi haijafungwa jioni ile. Isipoingia, mwenyekiti angebaki mlangoni peke yake.

"Mwenyekiti ambaye hajawahi kushika kitovu cha mtu," alinung'unika Fundi. "Labda chake, akioga."

"Shem, nyamaza niongee na karani."

Karani wa halmashauri hakukawia. "Punguzeni saizi, mama. Kila mtu tunamwambia hivyo. Punguza, tuma." Akakata simu.

Shemeji akaibana picha. Ikakataliwa. Akaibana zaidi. Ikakataliwa. Fundi akainama hadi pua ikakaribia kioo. Katika picha ya asili, mkewe alivaa sare nyeupe yenye kola aliyomshonea yeye mwenyewe kwa mkono, maana zile za serikali zilimchuna shingo. Mishono ilionekana mmoja mmoja, imepangana kama sisimizi wanaorudi nyumbani. Sasa kola ilikuwa uji. Baka dogo chini ya jicho lilikuwa limefutika, na shavu limekatika vipande vya mraba.

"Huyu si mke wangu," alisema. "Huyu ni ukuta wa bafu."

"Watu hawatazami kola, shem."

"Mimi natazama. Vitanda walimpunguzia, akanyamaza. Glavu, dawa, wasaidizi, punguza, punguza. Amezalisha akina mama wa mji huu kwa tochi ya simu. Leo wanataka kuupunguza na uso. Kama ni hivi, bora asitundikwe."

"Hicho ni kiburi."

"Ndiyo. Nimekipata kwake."

Shemeji akacheka bila kutaka, kisha akafuta macho kwa kiganja. Saa ya ukutani iliendelea na safari yake.

"Na tena," Fundi aliendelea, "imeshakuwa ndogo kama kifungo na bado hawaitaki. Wanataka iwe punje ya ufuta?"

Mkono wa shemeji ulisimama juu ya kipanya. "Ngoja. Kama imekuwa kifungo na bado inakataliwa, basi shida si saizi."

Akalitazama jina la faili, hasa herufi za mkiani. Akajipiga paji la uso. "Ni simu yangu. Inahifadhi picha kwa aina yake yenyewe, na tovuti yao haiijui aina hiyo. Tulitakiwa kubadilisha aina, siyo kubana. Ukibana, unatupa vitu vilivyomo. Ukibadilisha aina, ni kama umemvisha gauni lingine. Mwili ni uleule."

"Yaani tumekuwa tukimkata nyama, na kosa lilikuwa la nguo."

"Ndivyo, fundi wa nguo."

Akairudia picha ya asili, nzima, akaigeuza kuwa jepegi ya kawaida inayojulikana na kila kompyuta, akaituma. Mstari wa kutuma ukatambaa. Ukasita. Kisha pakaandikwa kwa kijani: Imepokelewa.

Fundi aliweka tepu yake sawa shingoni, kama mtu anayefunga tai.

Siku ya ufunguzi alivaa koti aliloshona kwa ajili ya harusi yao. Mlangoni, mkewe alikuwa amechapwa ukubwa wa mlango wenyewe: baka chini ya jicho, jicho lenyewe likimkagua kila anayeingia kama amenawa mikono, na kola, mshono kwa mshono. Muuguzi mmoja kijana aliinyooshea kidole. "Nani aliishona hii?"

"Mumewe," alisema Fundi, kidevu juu.

Kando yake alitundikwa mwenyekiti, ukubwa uleule, uso miraba mitupu, pua imeingia kwenye shavu. Ofisi yake ilikuwa imefuata ushauri wa karani.

Shemeji akamkanyaga Fundi mguu. "Usiseme kitu."

"Sisemi," alisema Fundi. "Maskini. Naye wamempunguza."