Chainizi za Ngassa

Ngassa alizikwa Jumanne kwao Sapiwi. Alhamisi asubuhi mjane wake Minza alikuwa amesharudi Bariadi mjini, amesimama nyuma ya nyumba mbele ya mabomba ya plastiki yaliyotobolewa matundu. Kila tundu lilikuwa na mche wa chainizi, mboga ya majani, mizizi yake ikining'inia kwenye maji yenye virutubisho. Ngassa aliipandikiza miche hiyo kwa mikono yake wiki moja kabla malaria haijampanda kichwani.

Minza hakuwahi kulima bila udongo. Alichokumbuka ni onyo moja la mumewe: ukizidisha dawa, unaunguza. Basi akatia virutubisho kwa woga, kijiko kimoja pale alipostahili kutia vitatu. Majani yakapauka, yakawa ya njano, yakadumaa.

Akampigia simu Thomasi, bwana shamba aliyekuwa rafiki wa Ngassa. Thomasi akaja, akachovya kwenye maji kipimo chake cha chumvi, mfano wa kalamu.

"Shemeji, hizi zina njaa," akasema. "Weka vijiko vitatu kwa kila ndoo."

Minza akaweka. Siku ya tano majani mapya yakachipua ya kijani, mapana. Minza akacheka peke yake, mara ya kwanza tangu msiba. Akampigia mama mkwe wake, Nyanjige, akimwita mama kwa Kisukuma: "Mayu, chainizi za Ngassa zimeinuka!"

Lakini mvua ilikuwa imekatika, na maji ya mvua aliyoyakinga Ngassa kwenye simtanki yakaisha. Minza akachota kwenye kisima cha jirani, akatia vijiko vilevile vitatu. Maji ni maji, alidhani.

Ncha za majani zikawa kahawia, kisha kingo zote, zikikauka kama karatasi iliyopitishwa motoni. Thomasi alipofika alichovya kipimo kwenye ndoo ya maji matupu. Akakitazama, akakifuta, akachovya tena.

"Nini?" Minza akauliza.

"Maji haya yana chumvi nyingi. Hata kabla hujatia dawa yalikuwa yameshazidi kiwango."

"Nifanye nini?"

"Uyamwage yote, uweke ya mvua."

Mvua! Minza alizunguka mtaa mzima na ndoo. Milembe, jirani wa nyumba ya tatu, ndiye pekee aliyekuwa amebakiza maji ya mvua, akampa ndoo moja. Mabomba yalihitaji kumi na mbili. Akaimimina hiyo moja hata hivyo, huku akijua haitatosha.

Jumapili alivuta mche mmoja. Mizizi ilikuwa imegeuka rangi ya chai, inateleza, inanuka. Akavuta wa pili, wa tatu. Akaketi chini kwenye tope.

Nyanjige, aliyekuja kutoka Sapiwi kuziona chainizi za mwanawe, alimkuta hapo.

"Mayu, nimemuua mara ya pili."

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Alizipanda yeye. Nami sikumuuliza kitu hata siku moja. Miaka sita namwona anapima, nampita na beseni la nguo."

Nyanjige akajifunga khanga vizuri, akaketi kando yake.

Jioni Minza alichambua majani machache yaliyosalia, akayakata kingo zilizoungua, akayapika. Yalikuwa magumu, machungu. Nyanjige alionja, akasukuma bakuli.

"Acha, haziliki hizi."

Minza aliendelea kumega ugali na kutafuna, tonge baada ya tonge, mpaka bakuli likabaki tupu.