Sukari ya Bibo

Kaka yangu Alfredo alianza na kidole kimoja. Jembe lilimkata kidole gumba cha mguu shambani Mpapura, naye akaendelea kulima mpaka mwisho wa tuta bila kusikia kitu. Leo anaishi Mikindani na mguu mmoja. Ule mwingine, husema mwenyewe, umetangulia kumshikia nafasi.

Kwa hiyo daktari aliponiambia kwamba sukari imefika mlangoni kwangu, imebaki kubisha hodi tu, nilimwelewa kuliko alivyodhani.

"Punguza uzito, mzee Valdemar," alisema. "Acha sukari, acha soda, tembea. Una swali?"

Swali nilikuwa nalo. Nilitaka kuuliza: na matunda je? Sikuuliza, kwa sababu niliogopa angenijibu.

Ulikuwa msimu wa korosho, na kwetu msimu wa korosho ndio msimu wa mabibo. Korosho unapeleka ghalani. Bibo, lile tunda lenyewe jekundu linaloning'inia juu yake, nani atalinunua? Linaoza chini ya mkorosho. Mimi nilikuwa nayaokota ndoo kwa ndoo, nakuja nayo nyumbani Shangani kwenye bodaboda, nayakamua, natupa makapi kwa bata, najaza jagi. Jagi la asubuhi, jagi la mchana, na la jioni nikitoka kutembea ufukweni. Chai nilikunywa kavu, bila sukari, kama adhabu. Keki ya ubatizo wa mjukuu niliisukuma mbele ya watu wote, wakanisifu.

"Baba Elsa amekuwa mtawa," mke wangu Marlene aliwaambia majirani. "Sukari haigusi. Anakunywa juisi yake ya asili tu."

"Sukari ya bibo kaitia Mungu," nikaongezea. "Haina kilo."

Walicheka. Mimi ni mtu wa kuchekesha, hilo nalikubali. Miaka yote niliyoendesha winchi bandarini nilikuwa nawapa wenzangu hadithi: kiboko wa Ruvuma aliyepanda kivuko akaombwa nauli akaona haya akateremka, kaa wa Msimbati aliyeiba kiatu changu cha kushoto akarudi kesho yake kuuliza cha kulia. Marlene amezisikia zote. Hilo ndilo lililokuja kuniponza.

Siku moja nilipeleka magunia ghalani, nikapanda mwenyewe kwenye mizani, kwa utani. Karani akasoma, nikamwambia asome tena. Nilikuwa nimeongezeka! Wakulima wote wanajua mizani ni mwizi, hata watoto wanajua. Nikashuka natukana: "Haijawahi kumpa mtu kilo za bure, leo kwangu imeanza ukarimu?" Watu walicheka mpaka wakashika magunia. Nikaenda zangu, sikuwaza tena. Mtu mwingine yeyote angeogopa tumbo lake. Sisi tuliozoea kuibiwa kwenye korosho, tunalaumu mizani.

Kisha wakaja sisimizi. Nilipokojoa nyuma ya nyumba, walikuwa wanafika kabla sijafunga zipu. Sisimizi ndio waliompa Alfredo habari kabla ya daktari. Nikamwita mke wangu.

"Mama Elsa, sisimizi wananifuata."

"Wametokea wapi leo? Msumbiji?" Hakuinua hata macho kwenye mchele aliokuwa anapepeta. "Wameomba nauli?"

"Nasema kweli."

"Hata yule kaa ulisema kweli."

Nikacheka pamoja naye. Ningefanyaje? Usiku ule nilijipapasa nyayo kitandani. Wa kushoto ulijibu. Wa kulia ulikuwa kama nashika mguu wa mtu mwingine aliyelala nasi. Nikajifunika shuka. Asubuhi nikanywa jagi langu, maana nilikuwa na kiu, na siku hizo kiu yangu haikuwa na mwisho.

Jumamosi tukachoma korosho uani. Bati lilikuwa juu ya moto, mafuta ya maganda yanaripuka, moshi mweusi umetanda, mimi nakoroga kwa mti mrefu. Ndala yangu ya kulia ilikatika kamba, nikaiacha. Moto ulipokuwa mkali tukapindua bati, korosho zikamwagika mchangani zikiwaka, nami nikazimwagia mchanga huku nazungukazunguka, nikimsimulia Marlene habari za kiboko.

Akanikatiza. "Baba Elsa, unasikia harufu?"

"Korosho hiyo."

"Korosho hainuki nyama."

Nikanusa. Kweli, kulikuwa na harufu nyingine ndani ya moshi, nzito, kama mshikaki uliosahauliwa. Nikaangalia kama kuku ameingia motoni. Marlene hakuangalia kuku. Alikuwa anatazama chini, mkono mdomoni.

"Toa mguu," alisema kwa sauti ndogo. "Valdemar, toa mguu!"

Hajawahi kuniita jina langu tangu Elsa azaliwe. Nikainua mguu wa kulia. Korosho ilikuwa imenasa katikati ya unyayo, ganda lake bado linafuka moshi, mafuta yake yanachemka kwenye ngozi yangu. Niliitazama. Nikangoja maumivu yafike, kama unavyongoja ngurumo baada ya radi. Hayakuja.

"Huoni?" Marlene alilia. "Husikii?"

"Sisikii," nikasema, na safari hii hakutaja kaa.

Zahanati tulimkuta muuguzi Agnes. Akanipima uzito, kisha sukari kidoleni, akapima tena. Akanigusa unyayo kwa uzi mgumu, huku na huku, nami nimeambiwa nifumbe macho, niseme kila ninapousikia.

"Mzee, unakula nini kitamu?"

"Hakuna, sista."

"Hata chai anakunywa kavu," Marlene alinitetea, machozi hayajakauka. "Ni mashahidi mtaa mzima. Anakunywa juisi ya mabibo tu. Ya asili, haitiwi chochote."

Agnes akaweka uzi mezani. "Kiasi gani?"

Mke wangu, kwa fahari, akaonyesha kwa mikono urefu wa jagi. "Asubuhi, mchana, jioni. Makapi wanakula bata."

Sijawahi kuona mtu anaanikwa kwa kusifiwa.

"Mama, matunda hatujamkataza," Agnes alisema. "Bibo moja akilitafuna, makapi yake yanamjaza tumbo, sukari inaingia polepole, na la tatu atalichoka mwenyewe. Lakini jagi? Jagi ni ndoo ya mabibo. Nani anaweza kutafuna ndoo? Amewapa bata kilichokuwa kinamzuia, yeye akabaki na utamu wote. Mwili hauulizi sukari imetoka dukani au mtini. Ndiyo maana hakupungua, ameongezeka."

Marlene akanigeukia. Ningependa angenitukana.

"Kidonda kikifunga, mguu ni wako," Agnes aliendelea, sasa ananisemesha mimi. "Kikichimba, tutazungumza mengine. Kila asubuhi mama akupime kwa unyoya wa kuku, umefumba macho. Ganzi ikipanda kuvuka kifundo, mje siku hiyohiyo. Msingoje kesho."

Asubuhi ya kwanza Marlene alipiga magoti upenuni na unyoya wake. Nilifumba macho, lakini si sana. Kwenye upenyo wa kope nilimwona anagusa kidole. "Hapo," nikasema. Kisigino. "Hapo." Uso wake ukang'aa, nami nikaona nimempa zawadi. Siku zilizofuata nikampa tena na tena.

Alfredo akaja kutoka Mikindani, magongo yanagonga sakafu. Nilidhani atanitania, amekuja kunikaribisha chamani. Akafungua bandeji mwenyewe, akakitazama kidonda muda mrefu.

"Mkeo anasema unapata nafuu. Anasema unasikia unyoya."

"Ndiyo."

"Hata mimi nilimwambia wangu nasikia." Akafunga bandeji taratibu. "Nilimwambia hivyo mpaka nzi walipomwambia vingine."

Akaomba maji, akanywa, akaondoka.

Kesho yake Marlene alipopiga magoti, nilijifunga kanga yake usoni, nikakaza fundo. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya sabuni.

"Sasa?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Bado, Mama Elsa."

Nikasikia pumzi yake inabadilika. Hapo ndipo ulimi uliponiwasha kusema "hapo, hapo," nimpe tena ile zawadi. Nikaumeza.

"Hapa? Hapa? Baba Elsa, nimefika kwenye kifundo."

"Sisikii."

Hakuniuliza kama natania. Nilingoja gizani, jasho linanitiririka mgongoni, bila kujua unyoya uko wapi, umesimama au unapanda. Halafu, upande wa ndani, juu kidogo ya mfupa, kitu chepesi kilipita, kama sisimizi mmoja.

"Hapo."

"Kweli?"

"Kweli. Hapo ndipo ninapoanza kusikia."

Nilisikia unyoya ukianguka sakafuni, kisha ncha baridi ya kalamu ikachora mstari kuzunguka mguu wangu. Mstari ulikuwa umevuka kifundo. Nilipovua kanga, Marlene alikuwa ameshasimama, anatafuta viatu vyake.

"Agnes alisema siku hiyohiyo," alisema. "Twende."