Siku Tisa Bila Kura

Kitabu cha Emelyne kilikuwa kauntabuku nne zilizofungwa kwa kamba ya katani, na hadi Agosti mwaka 1995 hakuna aliyekuwa amekisoma isipokuwa yeye mwenyewe. Kaka yake Rénovat alikishika tu, akakipima mkononi kama anayenunua maharage, akasema ni kizito.

"Sasa unampelekea nani?"

"Nawatumia wachapaji wa Dar kwa posta."

Rénovat alicheka mpaka akakohoa. "Nani anajipeleka mwenyewe ukweni? Kwetu hata mke unatafutiwa mtu wa kukusemea, sembuse kitabu, tena cha mkimbizi wa Katumba! Tafuta mtu."

Emelyne alikasirika, lakini maneno yalimwingia. Watu wa makazi ya Katumba hawakutoka bila kibali, na Kiswahili chake alikijua kilivyo. Walimu wake, tangu darasa la kwanza hadi la saba, walikuwa wametoka Burundi kama yeye, na ndimi zao hazikuwa na nafasi ya herufi l. Wakilala, wanarara. Wakilia, wanaria. Naye aliandika kama alivyosema. Aliogopa mhariri atafungua ukurasa wa kwanza, acheke, afunge. Mimi hapa nitamrudishia l zake zote, tusichoshane. Neno moja tu nitaliacha lilivyotoka kinywani mwake.

Mtu alipatikana Shanwe, Mpanda mjini. Mzee Silvester alikuwa karani mstaafu mwenye taipureta na meza barazani, akiwaandikia watu barua za kuomba kazi na malalamiko ya mipaka ya mashamba. Zamani aliishi Dar, na mhariri mmoja wa huko aliwahi kuwa jirani yake. Aliposikia habari za kitabu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na papo hapo akawa wakala wa waandishi.

"Mwandishi mpya bila wakala, dada Emelyne, ni barua bila anwani," alisema. "Niachie mimi. Nitakipiga chapa, nitakunyooshea lugha, nitaandika barua ya kukutambulisha. Wewe kalime."

Emelyne akaenda kulima.

Tusimwonee mzee: kazi aliifanya. Kila "chakura" aliigeuza chakula, kila "kurara" ikawa kulala. Neno moja tu lilimpita, kwa sababu halikuwa na kosa lolote. Kura. Ni neno safi, na mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi lilikuwa limebandikwa kila ukuta wa mji, hadi kwenye mlango wa mashine ya kusaga. Kitabu chenyewe kiliitwa Siku Tisa Bila Kura. Mzee Silvester aliona hapo pana fumbo zito, akajiona ana bahati ya kulikuta.

Oktoba kibali kingine kilitoka, Emelyne akafika Shanwe akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba! Kaa, kaa. Wamejibu!" Alikuwa ameshaikunjua barua. "Sikiliza. 'Tumevutiwa na jinsi mwandishi anavyoitumia kura kueleza uhuru wa mtu. Tuko tayari kukitoa mapema mwakani, mradi aongeze sura moja kuhusu kampeni.'"

Emelyne alifurahi, halafu akasita.

"Kampeni ya nini, mzee?"

"Ya uchaguzi! Si mama yako alikataa kupiga? 'Mama aliacha kura ili watoto wapate.' Huo mstari nimeutaja kwenye barua. Mwili ulinisisimka."

"Mzee, siyo kura. Ni kura."

"Ndiyo, kura. Nimeandika hivyo hivyo."

"Siyo hiyo ya kwenye sanduku. Kura! Kura ya mdomoni!"

"Ya mdomoni?" Mzee Silvester alikunja uso. "Kule kwenu watu walikuwa wanapiga kwa kutaja jina?"

Emelyne alikusanya vidole vya mkono wa kulia, akavipeleka kinywani, mara moja, mara mbili, kama mtu aliye mbele ya sahani ya ugali.

Mzee alivitazama vile vidole, kisha akaitazama barua.

"Kula," alisema polepole.

"Mwaka sabini na mbili tulikimbia, siku tisa porini kabla ya mpaka. Tulikuwa na unga wa muhogo kidogo kwenye kitambaa. Mama yetu, Gaudiose, alitugawia mimi na kaka, yeye anasema ameshiba. Siku ya tisa hakuamka. Mzee, umekisoma mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Ukadhani alikufa na nini?"

"Siasa," alisema, akaishusha barua. Kisha ukarani ukamrudia. "Lakini dada, wameshakubali. Hawa watu hawakubali mara mbili. Tukinyamaza, kitabu kinatoka. Sura moja tu ya kampeni, hata mimi nitakusaidia kuiandika."

Emelyne alikitaka kitabu kile, tusidanganyane. Mara ngapi alikuwa amejiona akikiweka mezani mbele ya Rénovat, jina lake likiwa juu kwa herufi kubwa! Alikitaka hata sasa, na kukitaka kulimuuma.

"Kaburi la mama hatulijui liko wapi," alisema mwisho. "Mahali alipo ni humu tu, kwenye daftari. Na kwenye chapa yako, mzee, hana hata njaa."

Mzee Silvester aliinamisha kichwa. Aibu ilimshika kwelikweli. "Basi nieleze vizuri, nami niwaandikie."

"Hapana, naandika mwenyewe. Kunisemea umenisemea. Kuniuliza, hukuniuliza hata neno moja."

Mzee aliinuka ampishe, akaanza kukusanya fimbo na kofia yake.

"Unakwenda wapi? Kaa hapo," alisema Emelyne. "Nikikosea, uniambie."

Alikaa mbele ya taipureta. Alipiga kwa kidole kimoja, na kila herufi ilimtafutisha. Ndugu Mhariri. Naomba kusahihisha. Mama yangu hakuwa na habari na uchaguzi. Mama yangu alikosa ku. Hapo kidole kilisimama hewani.

"Iko upande wa kulia," alisema mzee. "Karibu na k."

Aliipata. Aliibonyeza kwa nguvu hata karatasi ikataka kutoboka, akamalizia neno, kisha akausoma mstari kwa sauti ili asikilizwe.

"Mama yangu alikosa kura."

Mzee Silvester aliinama juu ya bega lake, akaitazama ile l iliyokaa mahali pake.

"Ndivyo ulivyoandika," alisema. "Endelea."