Wingi wa Mke

Mwaka wa sitini na moja, uhuru ukiwa umebakiza miezi michache kufika, Mwanza ilishikwa na homa ya Kiingereza. Watu walisikia kwamba Wazungu wataacha viti vyao maofisini, na kwamba hakuna atakayekalia kiti hata kimoja bila kujua kusema "good morning". Bi Mwaija, muuza vitumbua wa pale yanapopakiwa malori, hakutaka kiti cha Mzungu yeyote. Alikuwa na kigoda chake, na makalio yake yalikwisha kukizoea. Alijiandikisha darasani kwa sababu karani mmoja wa bandarini alikuwa na tabia ya kumsema kwa Kiingereza huku anatafuna vitumbua vyake, naye alitaka kujua anatukanwa kiasi gani.

Darasa la watu wazima lilikuwa saa kumi alasiri, katika ghala la pamba lisilotumika. Mwalimu alikuwa Luhaga, kijana aliyetoka Shinyanga mwezi uleule, mwenye soksi ndefu na kitabu kimoja cha hadithi fupifupi. Hadithi zenyewe zilimhusu Bwana Hill. Bwana Hill ana paka. Paka yuko juu ya mkeka. Bwana Hill anamwona paka.

"Halafu?" Bi Mwaija aliuliza siku ya kwanza.

"Halafu basi, mama. Tunajifunza maneno."

"Mtu mzima ameamka asubuhi, kazi yake kumtazama paka. Hana shamba huyu? Hana mke wa kumfukuza pale mlangoni?"

Darasa lilicheka. Luhaga akafuta ubao uliokuwa safi.

Kwenye benchi Bi Mwaija alikaa na Wilhelmina, fundi cherehani wa Ilemela, mwanamke mpole mwenye sauti nzuri ya kwaya. Mumewe, Chenge, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya darasa. Alikuwa pia mzee wa kanisa, na alikuwa akipita mjini na baiskeli yenye kengele mbili, moja kulia na moja kushoto. Mwanza nzima hapakuwa na nyingine ya namna hiyo. Chenge alipenda kuwahutubia vijana juu ya ndoa ya mke mmoja, na alihutubia vizuri.

Tatizo ni kwamba kila Jumanne Bi Mwaija alikwenda Mkolani kununua mchele. Jumanne tatu mfululizo aliikuta ile baiskeli imeegemezwa ukuta wa nyumba moja, na mara ya tatu alimwona mwenyewe kibarazani amevaa shuka, anakunywa uji, mtoto mapajani. Hakumwambia mtu. Kwa mwanamke aliyekuwa akitangaza habari za mtaa mzima kabla vitumbua havijaiva, kunyamaza huko kulimpa kiungulia.

Ndipo Luhaga alipofundisha umoja na wingi. Aliandika ubaoni kwamba mke mmoja ni "wife" na wake wengi ni "wives", kisha akawataka kila mmoja aandike habari fupi nyumbani, yenye maneno ya wingi.

Bi Mwaija aliandika kwa raha ambayo hakuwahi kuipata kwa Bwana Hill. Jina hakuliandika. Luhaga, mgeni wa mji, alitafuta makosa ya sarufi asiyaone, akaandika kwa wino mwekundu kwamba ni nzuri sana. Aliipenda hata akaichagua isomwe siku Bwana Elimu, Mzungu wa wilaya, atakapokuja kulikagua darasa. Na kwa kuwa alitaka isomwe kwa sauti ya kupendeza, siku ilipofika akamkabidhi karatasi Wilhelmina.

Bi Mwaija aliutambua mwandiko wake mikononi mwa Wilhelmina. Alimvuta gauni. "Mwenzangu, sema unaumwa koo."

"Siumwi koo," Wilhelmina akasema, akasimama.

Mbele walikaa Bwana Elimu na Chenge, bega kwa bega. Wilhelmina alianza kusoma kwa madaha, neno moja moja. Mtu mmoja ana wake wawili, ilisema habari hiyo kwa Kiingereza. Mke mmoja yuko Ilemela. Mke mmoja yuko Mkolani. Mtu huyo ana baiskeli. Baiskeli ina kengele mbili.

Hapo nyuma ya darasa mtu akakohoa. Chenge, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha mikutanoni tu, aliendelea kutabasamu mpaka aliposikia neno "bells", tabasamu likabaki mdomoni peke yake, macho yamekwisha kuondoka. Wilhelmina alipunguza mwendo. Jumanne, alisoma, mtu huyo humwambia mke wa Ilemela: nina mkutano.

Bwana Elimu akacheka na kupiga makofi. Alipiga peke yake.

Wilhelmina hakukaa. "Mwalimu," akasema kwa Kiswahili, "hii 'has' ni ya sasa au ya zamani?"

"Ya sasa, mama," Luhaga akajibu kwa furaha ya mwalimu aliyeulizwa swali zuri. "Ingekuwa ya zamani tungesema 'had'."

"Asante." Akaikunja karatasi mara mbili, akamgeukia mumewe. "Mwenyekiti, ile mikutano ya Jumanne huwa inahusu nini?"

Bwana Elimu alitaka kujua mama anasema nini. Luhaga akamfasiria kwamba anaulizia ratiba ya kamati. Bwana Elimu akasema huo ndio moyo unaohitajika katika nchi mpya.

Kesho yake asubuhi Wilhelmina alifika kwenye kigoda cha Bi Mwaija. Macho yalikuwa yamevimba lakini kitambaa cha kichwa kilikuwa kimefungwa sawasawa.

"Tumekaa benchi moja miezi mitatu," akasema. "Ungeniambia kwa Kiswahili."

"Nilishindwa."

"Kwa Kiingereza hukushindwa."

Bi Mwaija alichochea moto usiohitaji kuchochewa. "Kwa Kiingereza niliona kama nawasema watu wa kitabuni," akasema. "Niliona kama hawana uchungu. Nisamehe, mwenzangu."

Wilhelmina hakusema amesamehe. Kwa majuma matatu hakuonekana darasani. Aliporudi alikaa benchi la mbele, na Bi Mwaija akabaki na nafasi tupu ubavuni. Kila siku aliweka pale kitumbua kwenye kipande cha karatasi, na kila siku alirudi nacho.

Mpaka siku moja, watu wakitawanyika, Wilhelmina alimngoja mlangoni. "Jumanne twende wote," akasema. "Nyumba unaijua wewe."

Walikwenda kwa lori la mchele, wakishikilia magunia. Aliyewafungulia mlango alikuwa mwanamke kijana, Mhoja, mtoto mgongoni na mwingine ameshika gauni lake. Chenge hakuwapo, tangu siku ya ukaguzi alikuwa amepatwa na homa isiyojulikana, amejilaza Ilemela.

"Shikamooni," Mhoja akasema.

"Marahaba. Mimi ni Wilhelmina, mke wa Chenge."

Mhoja alimtazama kutoka juu hadi miguuni, kama anayehakikisha kwamba miguu imegusa chini. "Aliniambia ulifariki mwaka wa hamsini na sita," akasema taratibu. "Alilia sana alipokuwa akinieleza."

"Mimi sikuambiwa," Wilhelmina akasema.

Bi Mwaija ndiye aliyeanza kucheka. Alijizuia, akashindwa, akashika nguzo. Mhoja akafuata, mkono mdomoni, na mwisho Wilhelmina mwenyewe, kicheko kilichokuwa na machozi mengi ndani yake, mpaka watoto wakaogopa. Kisha Mhoja akatandika mkeka, akaleta viazi vitamu na maziwa mgando, na wakakaa hadi jua lilipoanza kupinda, wakilinganisha alichoambiwa huyu na alichoambiwa yule. Uongo mwingine ulifanana neno kwa neno. Hilo liliwaudhi kuliko yote, kwamba hata kuutunga upya hakujisumbua.

Jioni hiyo Wilhelmina alimtaka Chenge aamke, avae, na achague njia ya kwenda, maana nyumba ya Ilemela ilijengwa na cherehani. Chenge akaenda Mkolani na sanduku lake. Mhoja hakumfungulia. Mwisho alihamia Geita kwa dada yake, na kamati ikabaki bila mwenyekiti.

Jumatatu Wilhelmina alirudi benchi la nyuma. Alikuta kitumbua, akakiuma.

"Umezidisha sukari," akasema.